Springi, Sime na Nondo: Joto Linavyoamua Nguvu ya Feleji

Bapa moja la springi ya gari, likitibiwa kwa joto kama kiwanda kilivyokusudia, hustahimili mvuto mara mbili na zaidi ya ule unaotosha kulikata bapa lilelile likiwa limelainishwa. Ndani yake hakijaongezwa kitu wala kupunguzwa. Chuma ni kilekile, kaboni ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa atomi, na mpangilio huo huamuliwa na mambo matatu: feleji ilipashwa hadi joto gani, ikapoozwa kwa kasi gani, kisha ikarudishwa motoni kwa kiasi gani.

Jijini Arusha kipande kimoja cha feleji huweza kupita katika mikono ya mafundi wa aina mbili. Magari ya watalii, hasa Toyota Land Cruiser na Land Rover za zamani, hupakia watu, maji, vyakula na mahema, yakaingia lango la Loduare, yakapanda Ngorongoro na kuteremkia Serengeti kwa njia ya vumbi hadi Seronera. Vijituta vya njia hiyo huzipiga springi maelfu ya mara kwa saa. Bapa likikatika, gari hurudi gereji, pengine Unga Limited, na bapa bovu hutupwa kwenye chuma chakavu. Mhunzi hulinunua hapo akalifua liwe sime ya Kimaasai, kisu cha kuchinjia, au panga la kufyekea migomba kwenye miteremko ya Meru. Fundi gereji anataka feleji inayorudi kwenye umbo lake kila ikikunjwa. Mhunzi anataka inayoshika makali. Joto linaloifaa kazi ya kwanza haliifai ya pili, na wote wawili huweza kuiharibu feleji hiyo bila kuona alama yoyote kwa macho.

Feleji ya springi si chuma cha ajabu. Mojawapo ya zinazotumika sana ni ile ambayo mpangilio wa Marekani huiita 5160, na Wajapani wana jamaa yake iitwayo SUP9. Karibu yote ni chuma. Kaboni ni kama asilimia 0.6, na kromiamu na manganizi hazifiki asilimia moja kila moja. Chuma cha kawaida cha kuchomelea mageti na madirisha kina kaboni ya chini zaidi, mara nyingi chini ya asilimia 0.25, na ndiyo maana hakiwezi kutiwa matiko yakashika sawasawa hata mhunzi akijitahidi vipi.

Nguvu ya feleji hupimwa kwa kuvuta kipande hadi kikatike, na matokeo hutajwa kwa megapaskali. Kwa hesabu ya haraka, megapaskali 10 ni sawa na kuning'iniza kilo moja kwenye waya wenye eneo la milimita moja ya mraba. Feleji ya 5160 iliyolainishwa, yaani iliyopashwa na kuachwa ipoe polepole, hukatika karibu na megapaskali 725: waya huo ungebeba kama kilo 72. Lakini kabla ya kukatika hupinda moja kwa moja mapema sana, karibu na megapaskali 275. Springi iliyotengenezwa kwa feleji ya hali hiyo ingelala chini siku ya kwanza ya kupakiwa mzigo, isinyanyuke tena.

Siri iko katika tabia ya chuma kinapopashwa. Kikiwa baridi, atomi zake hujipanga katika fuwele zenye nafasi finyu mno kwa kaboni. Kaboni hulazimika kujitenga na kukaa kama vipande vyembamba vya kabidi katikati ya chuma laini. Joto likipita nyuzi 727, mpangilio huo huanza kuvunjika, na kwa feleji ya springi huwa umevunjika wote kabla ya kufika nyuzi 800. Unaozaliwa huitwa ostenaiti, jina lililotokana na mtaalamu wa Uingereza, William Chandler Roberts-Austen. Ostenaiti ina nafasi kubwa zaidi kati ya atomi, na kaboni yote huyeyuka humo ingawa chuma chenyewe bado ni kigumu. Viwanda hupasha 5160 hadi kama nyuzi 830 au 860 ili kuwa na hakika.

Ikipozwa polepole, kaboni hupata muda wa kutoka na kujitenga upya, na feleji hurudi kuwa laini. Ikitoswa ghafla, muda huo haupo. Chuma hutaka kurudi kwenye mpangilio wake wa baridi wakati kaboni bado imo ndani, kama abiria waliosongamana kwenye daladala iliyofungwa mlango kabla hawajashuka. Fuwele huvimba upande mmoja na kukaza. Hali hiyo huitwa matensaiti, kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens, na ndiyo hali ngumu kuliko zote ambazo feleji ya namna hii huweza kufikia. Tupa nzuri ikipitishwa juu yake huteleza badala ya kukwaruza.

Ugumu huo una gharama. Matensaiti mbichi huvunjika kama kioo. Ukiangusha sime iliyotoka tu kutoswa juu ya sakafu ya zege, yaweza kupasuka vipande viwili. Tena inapozaliwa feleji huongezeka ujazo kidogo, na kwa kuwa uso hupoa kabla ya kiini, sehemu moja huvimba wakati nyingine bado haijaanza. Mvutano huo ndio unaopinda mapanga na kuyapasua ndani ya ndoo. Hapo uchaguzi wa kimiminika huwa na uzito. Maji hupoza haraka mno kwa feleji yenye kromiamu na manganizi, kwa sababu elementi hizo huichelewesha kaboni kutoka, na hivyo kasi ndogo tu hutosha. Oili ndiyo inayofaa. Wengi hutumia oili chafu ya injini, ambayo hufanya kazi ingawa moshi wake si wa kuvutwa, na ikipashwa hadi nyuzi 50 au 60 hupoza vizuri zaidi kuliko ikiwa baridi, kwa sababu huwa nyepesi na huzunguka kwa urahisi kwenye uso wa feleji. Kutikisa chuma ndani yake ni muhimu vilevile: kikitulia, utando wa mvuke hukizingira na kuzuia joto lisitoke, na sehemu zilizofunikwa hubaki laini.

Baada ya kutoswa, feleji hurudishwa motoni, safari hii kwa joto la chini. Hatua hii ndiyo inayotofautisha springi na sime, na ndiyo inayorukwa mara nyingi na fundi mwenye haraka. Kadiri joto la kupasha upya linavyopanda, kaboni iliyonaswa hutoka kidogo kidogo na kuwa punje ndogo mno za kabidi, msongo wa ndani hupungua, na feleji hupoteza sehemu ya ugumu huku ikipata uwezo wa kuvutika bila kukatika. Kwa 5160 iliyotoswa kwenye oili, takwimu za vitabu vya uhandisi ni karibu na hizi: ikipashwa upya hadi nyuzi 205, hukatika kwenye megapaskali 2,220 lakini hurefuka asilimia 4 tu kabla ya kukatika. Kwa nyuzi 425, nguvu hushuka hadi 1,600 na kurefuka hupanda hadi asilimia 10. Kwa nyuzi 650, nguvu ni 900 na kurefuka ni asilimia 20. Viwanda vya springi hukaa katikati ya masafa hayo, karibu na nyuzi 400 hadi 500. Visu hukaa karibu na nyuzi 200, kwa kuwa makali hayahitaji kurefuka.

Mteremko huo hauendi sawasawa njia nzima. Kati ya nyuzi 250 na 400 hivi, feleji nyingi za nguvu hupita eneo ambamo ustahimilivu wake wa kishindo hushuka badala ya kupanda, ingawa ugumu umepungua. Panga lililopashwa upya kwa nyuzi 320 huweza kuvunjika kwa pigo ambalo panga la nyuzi 200, lililo gumu zaidi, lingelistahimili. Anayedhani kwamba kulainisha kidogo zaidi ni usalama zaidi hapa amekosea.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulichanganya. Kutibu kwa joto hakuongezi ukakamavu wa springi. Bapa laini na bapa lililotiwa matiko, yakiwa na urefu, upana na unene uleule, hushuka kwa kiasi kilekile chini ya mzigo uleule, maadamu hayajapita kikomo cha kurudi. Tofauti iko kwenye kikomo chenyewe: feleji laini huanza kupinda moja kwa moja inaponyooshwa kama sehemu 1.4 kati ya 1,000, ilhali feleji ya springi hufika sehemu 7. Gari linaloelemea nyuma kwa sababu ya mzigo wa mahema huhitaji bapa la kuongeza au bapa nene zaidi. Unene una nguvu kubwa hapa, kwani ukiuzidisha mara mbili, ukakamavu huzidi mara nane. Moto hausaidii kitu.

Mhunzi hana kipimajoto, ila ana macho, kivuli na sumaku. Kibanda chake huwa na giza kidogo kwa sababu maalumu: rangi ya chuma cha moto huonekana vizuri gizani, na jua la saa sita huifanya feleji ya nyuzi 800 ionekane kama ya 700. Wekundu wa cheri huashiria kwamba ostenaiti imepatikana. Rangi ya chungwa ni onyo kwamba fuwele zimeanza kukua kupita kiasi, na fuwele kubwa humaanisha feleji dhaifu kwa vishindo. Sumaku husaidia kwa sababu chuma hupoteza uvutano wake wa sumaku kwenye nyuzi 770. Ikikataa kushika, joto limekaribia, na muda mfupi zaidi motoni hutosha.

Kwa kupasha upya, mhunzi husugua uso hadi ung'ae kisha akatazama rangi za utando mwembamba wa oksaidi zinavyotembea. Manjano hafifu kama majani makavu hutokea karibu na nyuzi 220, kahawia nyuzi 255, zambarau nyuzi 280, buluu nyuzi 300. Katika njia moja inayojulikana kwa wahunzi wa nchi nyingi, makali pekee ndiyo hutoswa, na joto lililobaki mgongoni hutembea lenyewe kuelekea kwenye makali. Rangi inayotakiwa ikifika, panga zima huzimwa. Mgongo hubaki laini na kumeza vishindo, makali hubaki magumu. Kwa chombo cha kufyeka, hakuna tanuri la umeme litakalotoa matokeo bora zaidi ya hayo kwa gharama ileile. Ila rangi hizo hutegemea muda pia: feleji iliyokaa saa nzima kwenye nyuzi 220 huonyesha rangi nzito kuliko iliyopita hapo kwa dakika moja, kwa hiyo ni mwongozo tu.

Ujuzi huu katika eneo hili ulitangulia magari kwa karne nyingi. Miongoni mwa Wamaasai, kufua chuma ni kazi ya Ilkunono, koo za wahunzi ambazo jamii ilizitegemea kwa mikuki na sime huku ikizitenga kwa ndoa na kwa desturi. Milima ya Upare, hasa Ugweno, iliyeyusha chuma chake yenyewe chini ya ukoo wa Washana, na chuma hicho kilifika kwa Wachaga na majirani wao. Magharibi zaidi, Kagera, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha mwaka 1978 ushahidi kwamba tanuri za mababu wa Wahaya zilitoa feleji yenye kaboni zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Feleji ya tanuri hizo haikuwa na kaboni sawa kila mahali, na mhunzi alilazimika kutambua kipande kigumu na kilaini kwa mkono. Anayefua bapa la springi leo amepunguziwa kazi hiyo, kwani kiwanda kimempa kaboni iliyo sawa mwanzo hadi mwisho.

Kinachomponyoka ni kwamba kazi ya kiwanda katika kutibu kwa joto haimfikii. Mara tu bapa linapoingia kwenye mkaa na kuwa jekundu, matiko yake yote yamefutika. Mhunzi anayelifua, kulinoa na kuliuza bila kulitosa upya ameuza feleji laini yenye jina la springi. Anayelitosa bila kulipasha upya ameuza kioo.

Gereji, kosa huwa kinyume chake: feleji iliyotibiwa vizuri hupata joto ambalo haikulihitaji. Bapa lililopasuka likichomelewa, feleji iliyo karibu kabisa na mshono hupita nyuzi 800 na kisha hupozwa haraka na chuma baridi kilicho pembeni. Huko huzaliwa matensaiti mbichi, isiyopashwa upya. Milimita chache kutoka hapo, joto limefika nyuzi 600 au 700 tu, na feleji imelainika kupita kiasi. Ukanda mgumu unaovunjika umekaa bega kwa bega na ukanda laini unaopinda, na bapa hukatika tena, mara nyingi pembeni mwa mshono wenyewe, huku mshono ukionekana mzima. Vivyo hivyo bapa linapopashwa kwa gesi ili kurudishiwa upinde wake: upinde huja vizuri, lakini pale mwali ulipopita kikomo cha kurudi kimeporomoka, na upinde hupotea tena baada ya safari chache. Kuchomelea bapa la springi hakuna namna nzuri ya kutetewa, linabadilishwa.

Springi nyingi, hata hivyo, hazikatwi na uzito mmoja mkubwa. Hukatika kwa uchovu. Mzigo mdogo ukirudiwa mara mamia ya maelfu, ufa huanza mahali palipo dhaifu usoni na kutambaa ndani kidogo kidogo hadi sehemu iliyobaki isiweze kuhimili. Mkato wa namna hiyo hutambulika: upande mmoja laini wenye mistari kama ya ufuoni, upande mwingine umechanika kwa ukali. Tundu la bolti ya katikati ni mojawapo ya mahali pa kawaida pa kuanzia. Tanuri nalo huchangia, kwani feleji ikikaa motoni kwenye hewa nyingi, kaboni ya usoni huungua, na ngozi laini isiyo na kaboni hubaki nje, mahali hasa ambapo msongo ni mkubwa. Ndiyo sababu viwanda hudhibiti hewa ya tanuri, kisha huupiga uso wa bapa kwa mvua ya vitufe vidogo vya feleji. Vipigo hivyo huacha ngozi ya nje ikiwa imebanwa, na ufa hauanzi kwa urahisi mahali palipobanwa. Alama ya nyundo nzito au mkwaruzo wa mashine ya kukatia hufuta faida hiyo.

Bolti za nguvu nazo hupata sifa zao kwa njia hiyohiyo ya kutoswa na kupashwa upya, na namba zilizopigwa kichwani husomeka kwa urahisi. Bolti ya 8.8 hukatika kwenye takriban megapaskali 800 na huanza kupinda moja kwa moja kwenye asilimia 80 ya hiyo, yaani 640, ya 10.9 ni 1,000 na 900. Kwa kanuni za kimataifa, zote mbili hupashwa upya kwa nyuzi zisizopungua 425. Bolti iliyomulikwa kwa gesi hadi ikawa nyekundu ili kulegeza nati yenye kutu imepita mbali kiwango hicho. Namba zake kichwani bado zipo, nguvu zilizotajwa hazipo.

Nje ya gereji, feleji ya nguvu iliyoenea zaidi Arusha ni nondo. Katika njia ya kisasa, iliyobuniwa Liège, Ubelgiji, katika miaka ya 1970, nondo hutoka kwenye roli za kiwanda ikiwa karibu nyuzi 1,000 na kupita moja kwa moja kwenye mikondo ya maji kwa muda mfupi sana. Uso hugeuka matensaiti, kiini hubaki chekundu. Nondo ikitoka kwenye maji, joto la kiini husafiri kuja nje na kuupasha upya uso bila tanuri la pili, huku kiini chenyewe kikipoa polepole na kubaki laini. Ukiikata, ukaung'arisha mkato na kuupaka asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti, pete nyeusi ya nje na kiini cheupe huonekana wazi. Kwa njia hii nondo yenye kaboni ndogo, inayoweza kuchomelewa, hufikia megapaskali 500 bila elementi za gharama, na bado hurefuka kabla ya kukatika.

Kurefuka huko kuna maana mahali kama Arusha, jiji lililo kando ya Bonde la Ufa. Tarehe 17 Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitokea karibu na Ziwa Natron na kusikika Arusha hadi Nairobi. Nguzo inayotikiswa hunusurika kwa kupinda na kumeza nguvu ya mtikisiko, na nondo ngumu isiyorefuka humwacha mhandisi bila akiba hiyo.

Kwa kuwa nguvu ya nondo hiyo imo kwenye pete ya nje, kuichonga ili kuitia hesi huondoa sehemu iliyo bora, na kuipasha hadi nyekundu ili ikunjike hufuta pete yenyewe. Moto wa jengo hufanya kazi ileile kwa kiwango kikubwa. Feleji ya ujenzi ikifika nyuzi 600 hubakiwa na takriban nusu tu ya nguvu zake ingali moto. Jengo likishapoa, nondo ambayo haikupita kama nyuzi 500 hurejesha sehemu kubwa ya nguvu hizo, ile iliyopita hapo kwa mbali haiirejeshi yote, na kwa jicho zote mbili zinafanana. Hapo mhandisi hukata vipande vya nondo kutoka kwenye nguzo zilizoungua, akavivuta kwenye mashine hadi vikatike, na kulinganisha namba zake na zile za nondo kutoka sehemu ya jengo ambayo moto haukuifikia.